Kitufe cha "Changanya": kisa cha redio ya usiku, nyimbo 360 na fundi aliyeshukiwa

Usuli

Kisa hiki kilitokea kwenye redio ndogo ya jamii katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina nimeyaondoa yote, ya watu na ya mahali, na idadi za nyimbo nimezisawazisha kidogo ili ziwe rahisi kuhesabia.

Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri redio ile haikuwa na mtangazaji. Ilikuwa na kompyuta moja, fundi mitambo mmoja wa zamu, na orodha ya nyimbo 360 za wasanii wa mkoa wao: bongo fleva, singeli, dansi kidogo. Taarab haikuwamo, maana ina kipindi chake cha jioni na wimbo mmoja unaweza kula dakika kumi na zaidi. Kazi ya fundi ilikuwa kufungua programu, kubonyeza kitufe kilichoandikwa "Changanya", kisha kukaa macho umeme usije ukamzidi ujanja. Wimbo ulichukua wastani wa dakika nne, kwa hiyo usiku mmoja zilipigwa nyimbo 75 hivi.

Wasanii walikuwa 30, ukihesabu na vikundi, na hawakulingana hata kidogo. Mmoja, nitamwita Msanii A, alipeleka kila alichowahi kurekodi tangu aanze kuimba: nyimbo 36. Kumi na wawili walikuwa na nyimbo nne nne tu. Waliobaki walikuwa katikati, kama nyimbo kumi na sita kila mmoja.

Msomaji asidharau saa hizo za usiku. Wanaosikiliza ni walinzi, madereva wa malori, wauguzi wa zamu, wavuvi wanaotayarisha nyavu kabla hakujapambazuka. Hao ndio wanaoamka kumwambia jirani, "Nimemsikia kijana wenu redioni." Kwa msanii asiye na jina, mwaliko wa kuimba harusini huanzia hapo. Kukosa kupigwa ni kukosa riziki, na ndiyo maana jambo la kitufe kimoja lilikaribia kuivunja redio.

Mambo yalivyokwenda

Alfajiri ya Jumanne moja Msanii A alipigwa mara tatu mfululizo. Mlinzi mmoja wa ghala alirekodi kwa simu na kumtumia mpwawe, ambaye naye ni msanii, mmoja wa wale wa nyimbo nne. Kufika adhuhuri sauti ile ilikuwa imeshaenea kwenye grupu la WhatsApp la wasanii. Kufika magharibi swali lilikuwa limegeuka kuwa jibu: fundi amepewa kitu kidogo.

Mlango ulipofunguka, kila mwenye lake akaingia nalo. Mmoja akasema ana siku tatu hajasikika hata mara moja. Mwingine akasema kuna wimbo aliousikia jana usiku na leo umerudi tena, wakati nyimbo zake zimelala. Haya yalikuwa malalamiko matatu tofauti kabisa: kufuatana, kukosekana na kurudiwa. Yote yakafungwa kwenye furushi moja lililoitwa upendeleo, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, kwa sababu kila moja lilikuwa na chanzo chake.

Meneja alimtoa fundi kwenye zamu ya usiku akamweka mwingine. Sababu yake naielewa: watu walikuwa na hasira, na hatua inayoonekana hutuliza haraka. Lakini fundi alipoteza posho ya usiku, na alipoteza pia heshima mbele ya watu anaokutana nao kila siku sokoni. Hakuna aliyekuwa amefungua kompyuta kuangalia chochote.

Siku tisa baadaye, chini ya fundi mpya, kikundi kingine kilijifuata chenyewe mara mbili usiku mmoja. Sasa meneja akachukua uamuzi wa pili: akapunguza nyimbo za Msanii A kutoka 36 hadi 18, kimyakimya. Aliona kuwa huyo ndiye chanzo cha kelele, na akaogopa kuwa akimwambia atasusa. Msanii A akagundua mwenyewe kwa kusikiliza. Akaja ofisini na kuuliza ni nani aliyempa mtu ruhusa ya kutupa nusu ya kazi zake, na katika swali hilo alikuwa na haki yote.

Hapo nikaitwa. Mimi ni mwandishi wa programu, na niliwahi kuwatengenezea tovuti. Ombi lao lilikuwa fupi: kagua kama mtambo umechezewa.

Nilichokikuta

Nilianza na namna programu inavyochanganya, maana kuna njia nyingi mbovu zinazofanana na njia nzuri. Njia nzuri inajulikana kwa majina ya wanatakwimu Ronald Fisher na Frank Yates, waliochapisha toleo lake la kalamu na karatasi mwaka 1938. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaiandika upya kwa ajili ya kompyuta. Ni rahisi kama kuchanga karata. Unashika karata yote, unachomoa moja bila kuangalia, unaiweka mezani. Unachomoa nyingine katika zilizobaki, unaiweka juu yake. Hadi mkono uwe mtupu. Kila mpangilio unaowezekana una nafasi sawasawa na mwingine.

Njia mbovu ya kawaida ni kupita kwenye kila nafasi ya orodha na kuibadilisha na nafasi yoyote ile, hata iliyokwishapitwa. Inaonekana inachanganya zaidi, lakini ukiijaribu kwa karata tatu tu utaona inavyopinda: ina njia 27 za kwenda, na mipangilio ya karata tatu ni sita. Ishirini na saba haigawanyiki kwa sita, kwa hiyo lazima mipangilio mingine ipate zaidi ya mingine. Kama ningeikuta hiyo, wasanii wangekuwa na ushahidi mkononi. Sikuikuta. Programu ilikuwa inafuata njia ya Fisher na Yates hatua kwa hatua, na faili la kumbukumbu, ambamo programu huandika kila inachofanyiwa, halikuonyesha mkono wa mtu popote. Kila usiku: kufungua, kubonyeza mara moja, basi.

Kisha nikapiga hesabu ya kile ambacho bahati tupu ingetuletea. Katika nyimbo 75 zilizochomolewa kwenye orodha ile, msanii yeyote kujifuata mwenyewe kunategemewa kama mara tatu kila usiku. Kila usiku! Msanii A kupigwa mara tatu mfululizo kunategemewa takriban mara moja katika usiku 15. Katika miezi miwili hiyo ni mara nne hivi. Kilichotokea ile Jumanne kilikuwa kinatokea tangu zamani, ila safari hii kulikuwa na mlinzi aliye macho na simu yenye chaji.

Kuhusu kukosekana: msanii mwenye nyimbo nne ana uwezekano wa kama asilimia 39 wa kutopigwa kabisa kwa usiku mmoja. Siku tatu mfululizo bila kusikika, kwa mtu mmoja, ni kama asilimia sita. Inaonekana ndogo. Lakini wako kumi na wawili, na chagua siku tatu zozote utakazo, karibu nusu ya uwezekano ni kwamba angalau mmoja wao atakuwa amelala njaa siku zote hizo. Na huyo mmoja ndiye atakayeandika kwenye grupu. Wale kumi na mmoja hawaandiki kwamba wamepigwa.

Lalamiko la tatu lilikuwa la namna nyingine. Programu haikuwa na kumbukumbu ya jana. Kila ilipofunguliwa ilichanga nyimbo zote 360 upya, pamoja na zile zilizotoka kupigwa usiku uliopita. Kwa utaratibu huo, katika nyimbo 75 za jana, 15 au 16 zinarudi leo, na wiki nzima inaweza kuisha nyimbo 70 zikiwa hazijaguswa. Kosa hili halikuwa la bahati wala la fundi. Lilikuwa la utaratibu, na yule aliyelalamikia kurudiwa alikuwa amelisikia kwa sikio lake kabla mimi sijaliona kwenye faili.

Mkutano wa sarafu

Niliomba nikutane na wasanii kabla ya kubadilisha chochote. Walikuja kama ishirini, tukakaa kwenye kibaraza cha redio. Fundi alikuja pia, akakaa pembeni karibu na mlango.

Sikuwapa hesabu. Niligawa karatasi, nikawaambia kila mtu aandike, kwa kuwaza tu, matokeo ya kurusha sarafu mara 20: kichwa au mwenge (upande wa pili), atakavyo. Halafu nikatoa sarafu za shilingi mia, wakagawana wawili wawili, wakarusha kweli na kuandika chini ya ile mistari ya kubuni. Tukaweka karatasi zote sakafuni.

Mistari ya kubuni ilikuwa mizuri kama mkeka: kichwa, mwenge, mwenge, kichwa, mwenge. Hakuna aliyethubutu kuandika upande mmoja mara nne mfululizo. Mistari ya sarafu za kweli ilikuwa na mabonge: vichwa vinne hapa, miwenge mitano pale. Hesabu inasema kwamba ukirusha sarafu halali mara 20, uwezekano wa kupata upande mmoja mara nne au zaidi mfululizo unazidi robo tatu. Bonge ndiyo sura ya bahati. Mstari laini ndio unaoonyesha mkono wa mtu.

Nikawasimulia pia habari ya London. Mwaka 1944, mji ulipokuwa ukipigwa na mabomu ya V-1 ya Wajerumani, yaliyoruka bila rubani, wakazi waliona yanaanguka kwa mafungu, mtaa huu mara kwa mara na ule kamwe, wakaamini kuna anayelenga. Mwaka 1946 R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, alichapisha hesabu aliyoifanya juu ya kusini mwa London. Eneo lilikuwa limegawanywa katika viraba 576, na mabomu yaliyoangukia humo yalikuwa 537. Viraba visivyoguswa vilikuwa 229. Bahati tupu ingetegemewa kuacha kama 227. Mafungu waliyoyaona watu yalikuwepo kweli. Aliyelenga mtaa kwa mtaa ndiye hakuwepo.

Kibaraza kikanyamaza. Kisha yule mpwa wa mlinzi akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Kaka, nimekuelewa, na fundi namwomba radhi. Lakini msikilizaji wangu hakuja kwenye mkutano huu. Yeye akisikia mtu mmoja mara tatu, atazima redio."

Uamuzi

Nilikuwa nimekwenda pale kuthibitisha kuwa mtambo uko sawa. Nikaondoka nikijua kuwa uko sawa na bado haufai.

Hatukuwa wa kwanza kufika hapo. Watumiaji wa iPod, kile kifaa cha muziki cha kampuni ya Apple, walilalamika kuwa vifaa vyao vinapenda wasanii fulani, na Septemba 2005 mkuu wa Apple, Steve Jobs, akatangaza kwamba iTunes, programu yao ya muziki, imeongezewa njia ya kupunguza nafasi ya msanii mmoja kujifuata. Alikiri wazi kuwa wanapunguza bahati ili watu waione kuwa bahati. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, nao walianza na njia ya Fisher na Yates, wakapokea malalamiko yaleyale, wakaiacha. Mwaka 2014 mhandisi wao alieleza kuwa sasa nyimbo za msanii mmoja zinatandazwa mbalimbali katika orodha. Njia niliyoichagua ni ya ukoo huo.

Inafanya hivi. Chukua msanii wa nyimbo nne. Kwanza nyimbo zake zinachangwa zenyewe kwa zenyewe. Kisha orodha ya nafasi 360 inagawanywa kwake mara nne, vipande vya nafasi 90. Wimbo wake wa kwanza unatupwa popote ndani ya kipande cha kwanza, na kila unaofuata unakaa nafasi 90 mbele ya mwenzake, ukisukumwa kidogo mbele au nyuma kwa bahati. Msanii A, mwenye 36, vipande vyake ni vya nafasi kumi kumi. Ukishampangia kila mtu, unazimimina nyimbo zote kwenye mstari mmoja kwa kufuata nafasi zilizopata.

La pili, programu sasa inakumbuka ilipoishia. Umeme ukikatika, ukirudi inaendelea. Orodha nzima inamalizika kwa usiku tano hivi, ndipo inapangwa upya, na nyimbo za usiku wa mwisho haziruhusiwi kuingia usiku wa kwanza wa orodha mpya. Bila sharti hilo wimbo ungeweza kufunga orodha ya zamani na kufungua mpya, na mlinzi wetu angekuwa tena na la kurekodi.

La tatu, Msanii A alirudishiwa nyimbo zake zote 36. Nililisisitiza hili hata meneja alipositasita. Swali la nani awe na nyimbo ngapi halikuwa langu wala lake peke yake. Lilikuwa la wanachama, na lilipaswa kuulizwa mchana.

Matokeo

Malalamiko ya kufuatana yaliisha wiki ileile. Ya kurudiwa pia. Wale wa nyimbo nne sasa ni nadra kukosa kusikika siku mbili mfululizo.

Lakini wiki ya tatu likaja lalamiko jipya, na lilitoka kwa fundi mwenyewe, aliyekuwa amerudishwa kwenye zamu. Alisema Msanii A anakuja kama saa ya ukutani: kila baada ya dakika arobaini, yumo. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeweka msukumo mdogo mno, sehemu moja ya kumi ya kipande, yaani kwake nafasi moja tu mbele au nyuma. Nikaupandisha hadi sehemu tatu za kumi. Sasa nyimbo zake mbili zinaweza kukaribiana hadi nafasi nne au kuachana hadi kumi na sita, na sikio haliwezi tena kumbashiri. Hili la kutandaza lina mipaka pande zote mbili: ukilegeza, mabonge yanarudi, ukikaza, unasikika mdundo wa mashine.

Mkutano wa wanachama ulifanyika mwezi uliofuata na ukaweka kikomo cha nyimbo 20 kwa msanii. Msanii A alipinga, akashindwa kwa kura, akachagua mwenyewe zipi zibaki. Hakususa.

Uchambuzi

Nikiitazama safari yote, naona tatizo lilikuwa kwenye neno kabla ya kuwa kwenye mtambo. Kitufe kinasema "Changanya". Mama anapochanganya mchele na choroko kwa ajili ya mseto, hatazamii kukuta upande mmoja wa chungu choroko tupu. Akiukuta atasema haijachanganyika, na hakuna mtu mezani atakayembishia. Kwa Kiswahili cha kila siku kuchanganya ni kutawanya, kila kitu kiguse kingine. Mwandishi wa programu akisikia neno hilo anafikiri bahati nasibu, kuchomoa bila kuangalia. Na wasanii, kwa upande wao, walikuwa wanadai kitu cha tatu, zamu: kila mtu afikiwe. Mambo matatu yalikuwa yamebanwa chini ya kitufe kimoja, na kila mmoja aliona ameahidiwa lake.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema kuwa msikilizaji anayelalamika hajui hesabu, basi. Ni kweli akili ya binadamu inatarajia bahati iwe laini, na ikiona bonge inatafuta mkono. Ukirusha sarafu ukapata vichwa vitano, kitu fulani ndani yako kinasema sasa ni zamu ya mwenge, wakati sarafu haina kumbukumbu ya chochote. Hilo ni kosa la hesabu na lafaa kufundishwa. Lakini mtu aliyefungua redio hakuomba sampuli halali ya mipangilio yote inayowezekana. Aliomba usiku upite vizuri.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kukagua kabla ya kubishana, na kuyatenganisha malalamiko. Tungeyachukua kwa pamoja, jibu la "ni bahati tu" lingefunika pia lile kosa la programu kusahau jana, ambalo halikuwa bahati hata kidogo. Sarafu nazo zilisaidia kuliko nilivyotarajia. Namba zangu zingeonekana ni utetezi wa ofisi. Karatasi walizoziandika kwa mikono yao hawakuweza kuzikana.

Kilichoshindwa kilianza na haraka ya kumtafuta mtu. Meneja alikuwa na faili la kumbukumbu tangu siku ya kwanza, na kulisoma kungechukua nusu saa. Uamuzi wa pili, wa kukata nyimbo kwa siri, ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hadi hapo redio haikuwa imempendelea wala kumwonea msanii yeyote. Siku ile ndiyo iliyoanza kumwonea.

Na kuna kazi ambayo haijakamilika. Wimbo wa kushirikiana programu inauhesabu kwa mwenye wimbo tu. Mgeni aliyealikwa kwenye kiitikio anaweza kusikika humo, na wimbo unaofuata ukawa wake mwenyewe. Sikio linahesabu sauti, halisomi jina la faili. Dawa yake ni kuandika majina yote ya walioimba kwenye kila wimbo, na hiyo ni kazi ya mikono kwa nyimbo zaidi ya 300. Tumefika theluthi moja.

Fundi alirudishiwa zamu yake, lakini posho ya zile wiki hakulipwa, na pale kwenye grupu aliposhutumiwa hakuna uongozi ulioandika kuwa alionewa. Nimelisema hilo ofisini mara mbili. Yeye mwenyewe ameanzisha utaratibu ambao hakuna aliyemwagiza: kila siku kabla ya saa sita usiku anachapa orodha ya nyimbo 75 za usiku huo na kuibandika kwenye mlango wa redio, upande wa nje.